Bwawa Dogo la Mapumziko: Anza Kulikagua Kutokea Korongoni

Kama una bwawa dogo la kupumzikia pembezoni mwa Dodoma, lile la kuvulia perege, kupigia picha za harusi na kuchoma nyama Jumapili, au umeajiriwa kulilinda, au shamba lako liko chini yake, mwongozo huu nimekuandikia wewe. Kazi ninayoieleza hapa ni ya Oktoba na Novemba, maji yakiwa yamepungua, tuta likiwa wazi, na mafundi bado wanaweza kufika na kuondoka bila gari kunasa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na hazijui upole. Wiki tatu zinaweza kupita kavu kabisa, kisha jioni moja korongo lililokuwa njia ya ng'ombe likashuka na magogo.

Wengi wakiambiwa wakague bwawa hukimbilia kwenye tuta. Tuta litafikiwa. Naomba uanze na watu wanaolala chini yake, kwa sababu ukishawajua kwa majina hutakubali tena kuambiwa kwamba ufa fulani "ni wa kawaida tu".

Hatua ya 1: Jua umebeba maji kiasi gani

Pima vitu vitatu vya bwawa likiwa limejaa: urefu wa tuta kwenye usawa wa maji, umbali ambao maji yanarudi nyuma kutoka kwenye tuta, na kina kikubwa kabisa karibu na tuta. Zidisha vyote vitatu, kisha gawanya kwa 6. Ni kanuni ya zamani ya wajenzi wa malambo. Haishindani na vipimo vya mpima ardhi, ila inatosha kukufungua macho.

Chukua mfano wa tuta la mita 120, maji yanayorudi nyuma mita 400, na kina cha mita 5. Jibu ni mita za ujazo 40,000, yaani tani 40,000. Piga picha maboza 4,000 ya lita 10,000 yamepangwa juu ya kijiji. Tuta la udongo la kimo hicho likikatika, makadirio ya kihandisi yanaonyesha kwamba kwenye kilele maji yanaweza kutoka kwa mita za ujazo 100 hivi kwa sekunde. Hayo ni maboza kumi kila sekunde, na sehemu kubwa ya bwawa inaweza kuisha ndani ya robo saa.

Sasa linganisha na mwili wa mtu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuliyumbisha na kulielesha gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi tunayoyaona barabarani. Kwa hiyo anayekwambia "bwawa lenyewe dogo hili" hajapiga hesabu.

Hatua ya 2: Shuka korongoni kwa miguu

Beba daftari na tepu, na uongozane na mtu wa hapo anayejua kila kaya ni ya nani. Anzia mguuni mwa tuta, fuata korongo kilomita tano au mpaka linapoingia kwenye bwawa jingine au mto mkubwa. Nenda mara mbili: mchana, na tena kati ya saa moja na saa tatu usiku. Orodha hizo mbili hazifanani. Mchana utakuta wachimba mchanga na malori yao, wachoma matofali, watoto na mbuzi, akina mama kwenye visima vya mchangani. Usiku utakuta waliolala, na hao ndio wasiokimbia.

Andika kila kaya, idadi ya watu, nani ni mgonjwa, nani ni mzee, nani hana simu. Kwa kuanzia, mimi huchukua nusu ya kimo cha tuta kama kina cha maji kwenye kilomita ya kwanza. Tuta la mita sita, basi mita tatu kutoka sakafu ya korongo. Weka vigingi kwenye kingo kwa kimo hicho, simama, uangalie ni milango mingapi iko chini yake. Mhandisi atakupa mstari wa kweli baadaye. Wako ni wa kukufanya umwite haraka.

Mwaka mmoja, kwenye kazi kama hii, tulimkuta bibi mmoja akimwagilia mchicha kwa kopo, mita 600 hivi chini ya tuta.

"Mbukwenyi, bibi."

"Mbukwenyi, wanangu. Mnapima barabara?"

Nikamwambia tunapima bwawa. Aliinua uso kuelekea tuta, ambalo kutoka bustanini kwake linaonekana kama kilima cha kawaida chenye majani, akauliza taratibu, "Lile ni bwawa?"

Alikuwa amelima chini yake misimu minne.

Sijawahi kumlaumu. Nani alimwambia? Mwenye bwawa alikuwa na bango kubwa linaloangalia barabara kuu, lenye picha ya samaki na mtumbwi. Upande wa korongo hapakuwa na hata ubao.

Tena hali hii inazidi kila mwaka bila tuta kubadilika hata inchi moja. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vimesogea hadi kwenye mabonde ambayo zamani yalikuwa ya mibuyu na mifugo. Bwawa lililojengwa wakati chini yake hakuna mtu, leo lina mtaa. Kwa hiyo orodha yako iandike upya kila mwaka. Ya mwaka juzi imeshapitwa.

Ukiwa huko chini, kagua kila kalvati ya reli na barabara. Kalvati ikizibwa na magogo na taka, tuta la barabara linageuka bwawa ambalo hakuna aliyelijenga liwe bwawa. Tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalishuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Mwanzoni ilisemwa kwamba bwawa limepasuka, kisha Wizara ya Maji ya huko ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa, maji yakakusanyika nyuma yake, yakavunja. Hesabu pia mabwawa yaliyo juu yako. La jirani likikatika, lako linapokea yote kwa mkupuo mmoja.

Na maji yetu huenda mbali. Mito ya upande wa mashariki wa Dodoma hukusanyika kwenye mto Kinyasungwe, ikaingia mto Mkondoa hadi Wami. Reli ya Kati imelala kando ya maji hayo, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliichana vibaya kati ya Gulwe na Kilosa. Bwawa moja dogo halifanyi hivyo peke yake, lakini kila tuta linalokatika wakati wa mafuriko linaongeza mzigo kwa walioko chini.

Hatua ya 3: Utoro, na hapa usiwe na haraka

Utoro wa maji ni ile njia pembeni ya tuta ambayo maji ya ziada hupitia bwawa likijaa. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakianza kumwagika mgongoni, yanachimba upande wa chini, yanatengeneza ngazi, ngazi inarudi nyuma, na ndani ya muda mfupi tuta limefunguka. Utoro upo ili jambo hilo lisitokee kamwe.

Kagua hivi. Kwanza, uwe umechimbwa kwenye ardhi ya asili, siyo kupitishwa juu ya udongo uliojazwa. Pili, tembea kutoka mwanzo wake mpaka maji yanapofika korongoni, uhakikishe hayarudi kuuosha mguu wa tuta. Tatu, pima upana wake mahali pembamba kuliko pote. Andika kipimo hicho, maana ndicho mhandisi atakachokuuliza, siyo upana wa mahali panapopendeza. Nne, angalia kama sakafu yake imechimbika. Kingo ya mmomonyoko inayopanda kutoka chini kwenda bwawani ni ya kuzibwa kwa mawe na zege mwaka huohuo.

Tano ndiyo inayoniumiza zaidi. Angalia kama kuna mtu ameuziba.

Nimekuta utoro wenye mifuko ya mchanga safu mbili, juu yake wavu wa kuku umefungwa kwenye vyuma vya nondo. Mlinzi alinieleza bila kuficha: mifuko ni ya kuongeza kina ili mitumbwi isikwame mwezi wa tisa, na wavu ni wa kuzuia samaki wasitoroke. Wavu ule ulikuwa umeshika majani makavu, chupa za plastiki na tawi zima la mgunga. Mvua ya kwanza ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Jambo hilihili liliua watu 2,209 huko Pennsylvania, Marekani, tarehe 31 Mei 1889. Bwawa la South Fork lilikuwa la udongo na la starehe kama lako, mali ya klabu ya matajiri ya uvuvi na uwindaji. Mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameshang'olewa na hayakurudishwa, hivyo hapakuwa na namna ya kupunguza maji. Mgongo wa tuta ulishushwa ili magari ya farasi yapite vizuri. Kwenye utoro wakaweka vyuma vya kuzuia samaki. Mvua kubwa ilipokuja, vyuma vikashika takataka, maji yakapanda, yakapita juu ya tuta. Mji wa Johnstown ulikuwa kilomita 23 hivi chini.

Yasome tena hayo mambo matatu, halafu uende bwawani kwako.

Tamaa ya kuziba utoro kwetu ina mzizi wake, na mzizi huo ni tope. Mwaka 1972 watafiti walichapisha vipimo vya mabwawa manne ya Dodoma, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, vikionyesha namna udongo wa milima iliyolishwa na kulimwa kupita kiasi unavyoyajaza. Bwawa lako nalo linajaa. Kila mwaka kina kinapungua, mwenye mali anaona wageni wanakosa pa kupiga makasia, na njia rahisi anayoiona ni kuinua utoro nusu mita. Nusu mita hiyo ameitoa kwenye akiba ya tuta, yaani ile nafasi kati ya sakafu ya utoro na mgongo wa tuta. Kama unataka kina, leta mtambo wa kijiko Oktoba uchimbe tope, uzuie mmomonyoko huko juu kwa matuta ya kontua na nyasi. Utoro uache. Samaki wakienda, waende, utapandikiza vifaranga wengine.

Hatua ya 4: Mgongo wa tuta

Kati ya sakafu ya utoro na mgongo wa tuta panatakiwa pabaki mita moja au zaidi kwa bwawa dogo la kawaida. Usipime kwa macho, macho hudanganya kwenye mteremko. Tumia mpira mwembamba wa maji, ule mafundi ujenzi wanaopimia levo. Mmoja ashike ncha kwenye utoro, mwingine atembee na ncha ya pili juu ya tuta, akisimama kila mita tano. Unatafuta bonde, mahali palipozama. Mara nyingi ni katikati, palipojazwa udongo mwingi kuliko kwingine, au pale ng'ombe na bodaboda wanapokatiza. Kama katikati pamezama sentimita 40, akiba yako ni mita moja kutoa hizo 40, hata kama kwingine kote pako sawa. Maji hutafuta mahali hapo tu.

Kujaza bonde hilo si kumwaga kifusi cha toroli. Kwangua nyasi, lainisha udongo kwa maji, weka tabaka za sentimita 15, shindilia kila tabaka.

Hatua ya 5: Udongo wenyewe

Mwarobaini na mgunga havina kazi juu ya tuta. Najua kivuli ni dhahabu Dodoma, na wageni wanakipenda, lakini mizizi ikioza inaacha mirija ndani ya tuta. Miche ing'oe ingali midogo. Mti mkubwa uliokwisha kukomaa usiung'oe wewe, mwite mtaalamu, kwa kuwa shimo la kisiki nalo ni hatari. Panda ukoka. Mashimo ya kenge, fuko na panya, pamoja na vichuguu vya mchwa, vichimbe mpaka mwisho wake, ujaze na kushindilia. Ukiziba mdomo tu, mrija umeubakiza ndani.

Nyufa zina lugha mbili. Ufa unaokwenda sambamba na tuta, hasa kama upande mmoja umeshuka kidogo, unasema udongo unataka kuporomoka. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji kwenda upande mkavu ni mbaya zaidi, maana ni njia iliyokwisha kufunguliwa. Chomeka kijiti chembamba cha mtama upime unaingia kiasi gani, andika tarehe, piga vigingi viwili vya alama.

Hili la nyufa lina uzito wa pekee kwetu. Duniani kote bwawa la udongo huwa hatarini zaidi linapojazwa kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndipo kasoro zote hujaribiwa. Mabwawa yetu madogo hukaukia miezi saba, udongo wa mfinyanzi unapasuka hadi unaingiza mkono, kisha yanajaa kwa mvua moja au mbili. Kwa hiyo kila Desemba ni kama kulijaza bwawa upya, na tuta lina nyufa ambazo mwaka wa kwanza halikuwa nazo.

Fanya jaribio hili dogo. Chukua bonge kavu la udongo wa tuta, la ukubwa wa punje ya njugu mawe, kutoka kina cha nusu mita. Weka maji safi ya mvua kwenye glasi inayoonyesha. Yasiwe ya kisima, maana chumvi ya visima vyetu itakudanganya. Dondosha bonge taratibu, usikoroge, kaa uangalie. Bonge likimomonyoka na kulala chini huku maji yakibaki maangavu, udongo wako umelegea tu. Likizungukwa na ukungu kama tone la maziwa, na ukungu ule ukasambaa glasi nzima bila kutulia, udongo wako unayeyuka kwenye maji yaliyotulia. Tuta la udongo wa namna hiyo, likipata ufa wa unene wa uzi, linaweza kutobolewa kabisa. Mhandisi anaweza kuutibu kwa chokaa au jasi, na jasi inachimbwa hapo Itigi, au akaweka kichujio cha mchanga. Mpelekee habari ya ukungu huo.

Hatua ya 6: Maji yanayovuja

Karibu kila tuta la udongo huvuja kidogo. Unachotafuta ni badiliko na rangi.

Tembea mguuni mwa tuta Oktoba, kila kitu kikiwa kimekauka. Kipande cha ukoka mbichi wa kijani katikati ya majani ya kahawia kinakuonyesha maji yanapopita. Yule bibi wa mchicha alikuwa ametuambia kwa furaha kwamba pembe ya juu ya bustani yake haikauki hata kiangazi, na kwamba ameanza kupanda miwa hapo. Tulichimba kijishimo, kikajaa kabla hatujafuta jembe.

Mahali kama hapo, chimba mfereji mfupi uyakusanye maji kwenye kipande cha bomba, weka ndoo ya lita 20 chini yake, hesabu sekunde za kujaa. Fanya hivyo kila wiki, na kila siku wakati wa mvua, ukiandika pia kimo cha maji bwawani. Ndoo inayojaa kwa sekunde 80 wiki baada ya wiki, bwawa likiwa kimo kilekile, haitishi. Ikishuka hadi 50 bila bwawa kupanda, piga simu kwa mhandisi siku hiyohiyo.

Kisha chota maji hayo kwenye chupa ya plastiki, uyainue juani. Yakiwa maangavu, tuta linatokwa jasho. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yanabeba udongo wa ndani ya tuta, na kwa kila ndoo mrija unapanuka. Hapo si suala la wiki ijayo. Ruka hadi hatua ya 9 sasa hivi.

Usizibe uvujaji kwa kugandamiza mfinyanzi upande mkavu. Maji yatatafuta njia nyingine usiyoiona. Kama ni salama kusogea, weka mchanga safi, juu yake changarawe, juu yake mawe, ili maji yaendelee kutoka huku udongo ukibaki.

Hatua ya 7: Wageni

Kwa kifupi. Hakuna hema, jiko wala maegesho ya magari mguuni mwa tuta au ndani ya korongo, hata kama ndiko kwenye kivuli na upepo mzuri. Sherehe za usiku kati ya Desemba na Aprili ziwekwe upande wa juu. Kuogelea karibu na bomba la kutolea maji au karibu na utoro kupigwe marufuku kwa kamba na ubao, na maboya ya kuokolea yawekwe mahali mtoto anapoweza kuyafikia. Magari yasipande juu ya tuta.

Hatua ya 8: Ofisi za kupitia

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na Kanuni za Usalama wa Mabwawa za 2013 zinakuhusu, hata kama bwawa ni la starehe na liko ndani ya uzio wako. Mlango wa kubisha hodi ni Bodi ya Maji ya Bonde. Mkoa wa Dodoma umegawanyika: upande wa Kinyasungwe na Hombolo ni Bonde la Wami/Ruvu, upande wa mto Bubu na Bahi ni Bonde la Kati, na maji yanayoelekea Mtera ni Bonde la Rufiji. Omba mhandisi anayetambuliwa na Wizara ya Maji kwa kazi za mabwawa. Fundi hodari wa nyumba si mtu wa kazi hii. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, na itakusaidia unapoongea na serikali ya kijiji kuhusu viwanja vya korongoni.

Usiogope kujitokeza kwa kuwa huna kibali. Mwaka 2018, tarehe 9 Mei, bwawa la udongo la shamba binafsi huko Solai, Kenya, lilipasuka usiku baada ya mvua nyingi na kuua watu wasiopungua 47. Faini ya kibali ni kitu kidogo mno mbele ya hilo.

Hatua ya 9: Mpango wa tahadhari, kwenye karatasi moja

Piga fito yenye alama za sentimita kumi kumi ndani ya bwawa, mahali mlinzi anapoweza kuiona kwa tochi. Ipake rangi mbili.

Njano ianze pale maji yanapojaza nusu ya kina cha utoro, au uvujaji ukiwa na tope, au ufa mpya, au tuta likizama mahali. Njano maana yake mlinzi anapiga simu kwa mwenye bwawa, mwenyekiti wa kitongoji na mhandisi, na walioko kilomita ya kwanza wanahama, saa yoyote ile.

Nyekundu ni maji yakibakiza sentimita 30 kufika mgongoni, au yakianza kupita juu, au ukiona maji yanazunguka kama kimbunga ndani ya bwawa karibu na tuta. Hapo wote wa kilomita tano wanapanda juu, na simu inapigwa 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, na 112 polisi. Mlinzi asikae juu ya tuta kujaribu kuokoa chochote. Kamati ya maafa ya kijiji, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, iwe na nakala ya karatasi hii, na nyingine ipigiliwe kibandani kwa mlinzi ikiwa ndani ya plastiki.

Usitegemee simu peke yake. Mvua kubwa ikija, mtandao huondoka nayo. Tafuta rimu ya gari kama ile ya kengele ya shule, itundike mahali pa juu, na mkubaliane mlio ambao hautumiki kwa kitu kingine. Vipaza sauti vya msikiti na kanisa viombewe ruhusa mapema, na mlinzi aoneshwe swichi iko wapi.

Kupunguza maji ni kazi ya mapema, siyo ya usiku wa hatari. Bomba linalotoa lita 30 kwa sekunde linahitaji siku 15 kumaliza zile mita za ujazo 40,000. Kwa hiyo kama una shaka na tuta, anza Novemba, na usishushe zaidi ya sentimita 30 kwa siku, maana upande wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka ukiachwa bila maji ghafla.

Hatua ya 10: Zoezi

Lifanyike Novemba, jua likishazama. Mlinzi anagonga rimu, watu wanapanda hadi mahali palipochaguliwa, na mtu mmoja kwa kila kaya ana saa.

Tulipofanya zoezi kule kwa bibi wa mchicha, maji ya bwawa lile yangemfikia kwa dakika nne au tano. Yeye alifika juu dakika ya kumi na nne, anahema, akivuta kamba ya mbuzi sita. Mwenyekiti alitaka kumwambia siku nyingine awaache mbuzi. Bibi akamtazama tu. Tukakaa chini tukabadilisha karatasi badala ya kumbadilisha bibi: njano yake ikashushwa sentimita 20 kwenye fito, zizi likahamishiwa mwinukoni kwa mbao za mwenye bwawa, na kijana wa jirani akaandikwa mbele ya jina lake. Mara ya pili alitumia dakika sita. Bado ni nyingi kuliko nne, ndiyo maana kwenye karatasi ile jina lake liko mstari wa kwanza, na mlinzi anapaswa kumwendea kwa miguu kabla hajagusa rimu.